Kelele ya Mtu Mwishoni, Upande wa Pili

Jumanne, tarehe 9 Novemba 1971. Mvua iliyochanganyika na theluji tangu alfajiri. Haishiki chini, inakuwa tope tu. Leo anakuja na sahani. Lazima nimwambie kabla hajaipiga.

Hayo niliyaandika kwa penseli asubuhi ile, nimesimama jikoni kwetu Hagsätra, pembeni mwa Stockholm, chai inapoa. Daftari ninalo mpaka leo. Nimelitafuta kwa sababu binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima, aliniuliza juzi yule mama wa ghorofa ya juu aliyekuwa akiimba aliishia wapi. Aliniuliza kwa Kiswidi, nikamjibu kwa Kiswahili, ndiyo kawaida yetu. Nilimwambia sijui. Baadaye nikaona jibu hilo ni fupi mno, na kwamba mimi nina sehemu yangu ndani ya habari ile. Basi naandika. Shule yangu ni darasa la nane, Tanga, kwa hiyo atakayesoma anivumilie. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Sundbyberg, kwenye kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Mume wangu alikuja Sweden kujifunza ufundi wa mashine, akamaliza, akapata kazi Vällingby, nasi tukabaki. Mimi pale kiwandani nilianza kwa kufagia. Halafu mnyapara wetu, mama mmoja wa Kiswidi ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi, akagundua kwamba nasikia vitu ambavyo wengine hawavisikii. Akaninyang'anya ufagio akaniweka kwenye chumba cha kusikiliza.

Watu waliidhania kazi tamu. Tukikutana Jumapili na Watanzania wenzetu walikuwa wakinitania: "Wewe unalipwa kusikiliza muziki, sisi tunafua mashuka ya hospitali." Lakini muziki wenyewe hatukuusikiliza. Kabla sahani haijatengenezwa kwa wingi hutoka chache za majaribio, zenye karatasi nyeupe katikati, hazina jina la mwimbaji wala la wimbo, namba tu. Unavaa visikilizio, unaweka sindano mwanzoni, unasikia kidogo. Unaiinua, unaiweka katikati. Unaiinua tena, unaiweka karibu na mwisho. Halafu unageuza upande wa pili. Unachokitafuta ni kile kisichotakiwa kuwepo: mchakacho, kiti kilicholia, mtu aliyekohoa, mlango. Ukikipata unajaza karatasi, upande gani, mahali gani, kitu gani. Na ile sahani unaikwaruza kwa msumari upande wenye kosa, mkwaruzo mmoja mrefu, isije ikachukuliwa ikauzwa. Unaitupa kwenye sanduku. Kila Ijumaa sanduku lile lilikwenda kusagwa, na ule unga ukayeyushwa kuwa sahani nyingine.

Saa nane kwa siku, miaka. Masikio yangu yaliharibika, ingawa daktari angesema ni mazima. Hata nilipopelekwa harusini nilikuwa nasikia kiti kinavyolia nyuma ya tarumbeta. Wimbo mzima, tangu mwanzo hadi mwisho, ulikuwa umeshanipotea. Hili nalitaja mapema si kwa kujitetea. Nalitaja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Yeye alikuwa anakaa ghorofa iliyo juu yetu. Tulikutana mwaka 1969 kwenye chumba cha kufulia, kule chini ya jengo, ambako kila nyumba ina zamu yake imeandikwa ukutani na mtu asiyeiheshimu zamu anatazamwa vibaya hadi atakapohama. Niliteremka na kapu langu nikamkuta ameshajaza mashine zote mbili katika saa zangu. Nilimdhania Mwarabu wa pwani ya kwetu, kwa ule weusi wa nywele na jinsi alivyofunga kitambaa. Nikampa salamu ya Kiislamu. Yeye alinidhania mtu wa Kuba, akanijibu Kihispania. Tukatazamana. Halafu akaniomba radhi kwa Kiswidi kibovu kuliko changu, na mimi, ambaye nilikuwa nimeteremka na hasira, nikajikuta namsaidia kukamua mablanketi.

Alikuwa Mmarekani, lakini kama alivyosema mwenyewe, Mmarekani wa upande wa nyuma. Kwao ni Texas, karibu na mpaka, na nyumbani kwao lugha ilikuwa Kihispania kwa sababu wazee wake walikuwa watu wa Meksiko. Mchana alifanya kazi jikoni kwenye mkahawa wa wafanyakazi, na siku nyingine aliimba na bendi kwenye hoteli. Ikawa anakuja kwetu na mimi nakwenda kwake. Aliniita "komadre", neno ambalo kwao huitana wanawake waliosimamiana kwenye ubatizo wa watoto. Nilimwambia mimi Mwislamu, nibatize nani. Akasema basi nitafutie neno lenu. Nikampa "somo", kwa kuwa kwetu Tanga wanawake marafiki huitana hivyo. Alilitamka vizuri tangu siku ya kwanza. Kuliko binti yangu.

Habari za kazi yake ya kurekodi nilizipata vipande vipande, jikoni, kwa Kiswidi cha kuvunjavunja na Kiingereza, chake cha nyumbani na changu cha darasani, kwa hiyo naweza kuwa nimechanganya. Sahani ya kwanza aliiimba akiwa na miaka kumi na mitano, nyuma ya duka la mtu anayetengeneza redio, na binamu zake wawili wakiitikia. Hiyo ilikuwa ya Kihispania. Akasikiwa na mtu wa kampuni, akapelekwa mji mkubwa, akapewa jina jingine, jina la Kiingereza, akaimba kwa Kiingereza habari za kuachwa na mpenzi kabla hajawa na mpenzi. Sahani mbili. Moja ilipigwa redioni kwao majira ya joto moja. "Nilikuwa nasikia sauti yangu ikitoka kwenye magari ya watu," aliniambia, "na hakuna aliyejua ni mimi, kwa sababu ya lile jina." Baada ya hapo kampuni ilifungwa. Akaenda Ujerumani na bendi iliyokuwa ikiwaimbia wanajeshi, bendi ikavunjika, akafika Stockholm kwa wiki sita na akawa hajaondoka.

Hapa kampuni moja ilimpa mkataba wa sahani nne ndogo, zile zenye wimbo mmoja kila upande. Tatu zilikuwa zimeshatoka nilipomfahamu vizuri. Zilikuwa nyimbo za Kiswidi alizofundishwa kwa kuandikiwa sauti, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayehifadhi asichokielewa. Aliimba habari za mashua na kibanda cha kiangazi na hakuwahi kukanyaga kibanda cha kiangazi. Sahani zile hazikununuliwa. Siwezi kusema zilikuwa mbaya. Ya tatu nilikuwa nimeipitisha mimi mwenyewe kiwandani bila kujua ni yake. Haikuwa na mchakacho wowote.

Ilibaki ya nne, na alijua hakutakuwa na ya tano.

Sasa hapa ndipo daftari linapotaja Jumatano, tarehe 13 Oktoba. Alishuka kuazima chumvi akakaa. Mume wangu alikuwa sebuleni na gazeti, binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa chini ya meza ya jikoni na vibanio vya nguo.

"Somo," akasema, "safari hii nimewashinda."

"Umewashindaje?"

"Upande wa kwanza nimewaimbia watakavyo. Kiswidi, jua, maua, kila kitu. Nimekubali na picha, wamenipaka nywele rangi ya siagi. Lakini nikawaambia, upande wa pili ni wangu. Kihispania, wimbo nimeutunga mimi, magitaa mawili na fidla, basi. Na mwishoni msiguse."

"Mwishoni kuna nini?"

Akaangalia ukuta, kwa sababu kuta za jengo lile ni nyembamba, akaziba mdomo kwa kiganja, akatoa sauti. Ilianza chini, ikapanda ghafla ikapasuka, ikashuka kwa vipande vipande kama kicheko au kama mtu anayelia, huwezi kujua. Binti yangu akasema kwa Kiswidi kutoka chini ya meza kwamba ni kama mbwa. Mume wangu akauliza kutoka sebuleni, "Nani amekanyagwa huko?"

"Hakuna aliyekanyagwa, baba," nikamjibu. "Ni kigelegele cha kwao."

Nilipolitamka neno hilo nikaketi.

Yeye akaendelea kunieleza, hakuona. Sauti ile ilikuwa ya baba yake. Wanaume wa kwao ndio huitoa zaidi, wimbo ukiwafika, na baba yake alikuwa na ya kwake ambayo mtaa mzima uliijua. Baba huyo alikuwa hajasikiliza sahani yake hata moja tangu walipombadilisha jina. Alikuwa amemwambia: siku utakapoimba kitu nitakachokijua ni chako bila kuambiwa, niletee. Tangu hapo hawakuwa wakiandikiana. Alikuwa mzee, dereva wa lori aliyestaafu, na dada mtu alikuwa ameandika kwamba kifua chake si kizuri. "Ataijua," akasema. "Hata asiposoma karatasi. Ikifika pale mwisho ataijua."

Nilimpa chumvi.

Nieleze basi. Jumatatu ya wiki ileile, tarehe 11, niliwekewa sahani ya majaribio yenye karatasi nyeupe. Upande wa kwanza ulikuwa safi. Upande wa pili nikaweka sindano mwanzo, magitaa, safi. Katikati, mwanamke anaimba, sikujiuliza nani, safi. Karibu na mwisho muziki unapungua, na juu ya ule muziki unaopungua mtu akapiga kelele. Nilifikiri mtu ameingia studio. Nilifikiri mlevi. Nikaandika kwa Kiswidi changu: kelele ya mtu mwishoni, upande wa pili. Nikachukua msumari nikaikwaruza.

Wasikilizaji tulikuwa watatu chumba kile, wenzangu wawili ni Waswidi. Kama mmoja wao angeiandika karatasi ile nisingemlaumu, maana kwao wakishangilia hupiga makofi kwa pamoja wakaacha kwa pamoja. Lakini mimi nimezaliwa katikati ya vigelegele. Siku niliyozaliwa vilipigwa, siku niliyoolewa vilipigwa hadi shangazi yangu akapoteza sauti. Nilikuwa mtu pekee katika jengo lile ambaye angepaswa kujua kwamba ile sauti ni sehemu ya wimbo. Nikaiandika kosa.

Alhamisi niliwahi kazini kabla ya wengine. Sahani ilikuwa bado kwenye sanduku, kwa kuwa Ijumaa haijafika. Niliitia ndani ya koti. Huo ulikuwa wizi, ingawa wa kitu cha kusagwa, na nauandika kwa jina lake. Halafu nikamsubiri mnyapara.

"Ile karatasi yangu ya Jumatatu," nikamwambia. "Nilikosea. Ile kelele ni ya mwimbaji."

Akavaa miwani akanitazama. "Imeshakatwa upya. Fundi amefifisha muziki mapema, kelele haipo. Ulifanya vizuri sana, ilikuwa inasikika kweli."

"Lakini mwimbaji aliitaka."

"Fundi alimpigia simu mwenye kampuni kabla ya kukata. Akasema kateni."

Nikarudi kwenye visikilizio vyangu. Hapa lazima niwe mwangalifu. Inawezekana yule bwana wa kampuni alikuwa hakuipenda sauti ile tangu mwanzo, na karatasi yangu ikampa njia. Inawezekana pia alikuwa na haraka, akasikia neno "kosa" kwenye simu, akakubali kama ambavyo mtu yeyote angekubali. Simjui, sijawahi kumwona. Mnyapara naye alinitendea wema siku zote. Wa kwanza kuandika ni mimi.

Zikapita karibu wiki nne. Mara mbili nilipanda ngazi kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa amelala, au nilijiambia amelala, sikubisha sana. Mara ya pili alifungua mlango akiwa na barua mkononi amemwandikia baba yake, ya kuweka pamoja na sahani itakapotoka, akanisomea. Sikuelewa Kihispania, lakini alinisomea yote. Nikashuka.

Mume wangu nilimweleza. "Usimwambie," akasema. "Ataisikia mwenyewe, atajua ni kampuni. Na kweli ni kampuni."

"Na mimi?"

"Wewe umefanya kazi uliyopewa. Na una sahani ya kiwanda ndani ya kabati la shuka, mama. Ukianza kusema, mwisho wa kusema ni wapi?"

Si kwamba hakuwa na huruma. Tulikuwa tunaishi kwa mishahara miwili na kibali cha kukaa kinachosainiwa kila mwaka, na yeye ndiye aliyekuwa akikipeleka kile kibali na kusubiri kwenye benchi. Nilimwelewa hata wakati simkubali.

Basi Jumanne ile ya tope. Niliondoka kazini kwa treni, nikabadili katikati ya mji, nikafika Hagsätra giza limeshaingia ingawa ilikuwa bado mchana kwa saa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya Kiswidi. Kwa Kiswidi kuomba msamaha ni neno fupi, sawa na lile la kumwambia mtu uliyemkanyaga mguu kwenye treni. Nikajaribu kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nilikuwa nayo yote, lakini yeye alikuwa nalo neno moja tu la Kiswahili.

Alikuja saa kumi na moja, ana boksi dogo chini ya kwapa, sahani tano walizompa. Hakuwa na gramafoni, ya kwake iliharibika, ndiyo maana alisubiri kusikiliza kwetu. Kwenye jalada alikuwa yeye na nywele zile za siagi, anacheka, na chini yake jina ambalo si lake.

"Nani huyu?" akauliza mume wangu, kwa utani.

"Dada yangu wa Kiswidi," akajibu. "Mjinga, lakini anapata kazi."

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikauliza nani anataka chai. Nikaweka maji, nikatafuta vikombe vilivyokuwa mbele ya macho yangu. Nikamsikia akiweka upande wa kwanza. Binti yangu akacheza, akauimba ule Kiswidi pamoja na sahani kuanzia ubeti wa pili, kwa maana yeye alikuwa anauelewa. Walicheka wote wawili. Nilisimama na birika mlangoni. Nikasema, "Somo, ngoja kidogo," lakini alikuwa ameshageuza, akaniashiria kwa kidole ninyamaze.

Ninakiri kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuusikia ule wimbo mzima. Magitaa yanakwenda polepole, fidla inaingia kama mtu anayebisha hodi. Sauti yake kwa Kihispania ilikuwa nzito kuliko kwa Kiswidi, ya mtu mzima. Sijui maneno. Nilisikiliza kwa dakika zile kama nilivyokuwa nikisikiliza zamani kabla ya kazi, na nilijua kwamba unakuja kwisha.

Aliinua mkono, tayari, anatabasamu na uso wake ameuelekeza kwetu. Muziki ukafifia. Ukafifia kabisa. Sindano ikazunguka peke yake mwishoni.

"Mashine yenu inazima mapema?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

Akairudisha sindano mwenyewe, pale mwisho. Ikafifia vilevile. Mume wangu alinitazama mimi, na sikumwona akinikataza.

"Ni mimi," nikasema. Nilisema kwa Kiswidi, na maneno yote niliyoyapanga yakapotea, nikabaki na yale ya karatasi. "Kazini. Niliisikia vipande vipande tu. Niliandika kwamba kuna kelele ya mtu. Wakaikata."

Alikaa kwenye mkono wa kochi.

"Wewe uliandika."

"Mimi."

"Ulijua ni mimi?"

"Siku ile sikujua. Nilijua Jumatano, ulipokuja kuazima chumvi."

"Chumvi," akasema. "Hiyo ni mwezi mzima, komadre."

"Karibu."

"Umenisikia nikisoma barua."

"Nilikusikia."

Nilitegemea atapiga kelele, na ingekuwa afadhali. Yeye alisugua macho kwa viganja kama anavyofanya mtu aliyetoka zamu ya usiku. Binti yangu alikwenda akasimama karibu naye, akamwekea kibanio cha nguo kwenye mkono wa sweta. Sijui kwa nini. Watoto hufanya hivyo.

Nikaenda kwenye kabati, nikaitoa sahani kati ya mashuka, nikamletea. "Hii ndiyo ya majaribio. Sauti yako imo. Lakini nimeikwaruza, ndiyo kanuni yetu."

Aliishika kwenye mwanga wa taa akaufuata mkwaruzo kwa ukucha, tangu ukingoni hadi kwenye karatasi nyeupe. "Una mkono mzito," akasema.

Tukaipiga. Kila mzunguko mkwaruzo uligonga, tak, tak, kama mtu anayekata vitunguu chumba cha pili, lakini wimbo ulikuwa unapita chini yake. Ulipokaribia mwisho sindano ikanasa. Ikarudia neno moja, likarudi tena na tena, haitoki. Alinyoosha kidole akausukuma mkono wa gramafoni, na sindano ikateleza hadi katikati. Mara ya pili vilevile. Ule ukelele ulikuwa mbele yetu, mistari miwili mitatu baada ya pale, na sindano haifiki.

Mume wangu akaingiza mkono mfukoni. "Ni nyepesi," akasema. "Mkono wa mashine ni mwepesi." Akatoa sarafu ndogo, akaiweka juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni, juu ya sindano, taratibu kama anayeweka kikombe juu ya kichwa cha mtoto. Tukaanza karibu na mwisho. Ikagonga, ikasita pale inaponasa, ikavuka.

Sauti ikatoka. Pamoja na kugonga kwake, ikapanda, ikapasuka, ikashuka. Sitajaribu kuieleza tena. Mimi nilifanya kitu ambacho sikukipanga, niliijibu. Ulimi wangu wenyewe ulijibu, kigelegele kimoja, hafifu, kwa maana sikuwa nimepiga kwa miaka. Jirani wa chini akagonga dari yake mara mbili.

Yeye hakucheka. Alisema, "Wewe unasikiliza kwa kazi. Niambie, ipi nimtumie? Ile nzima au hii?"

Swali hilo lilinitisha kuliko hasira. Nilimjibu kweli. "Kiwandani ningeipitisha ile nzima. Haina kosa. Hii ataona imeharibika, na asipojua la kufanya itanasa, hatafika mwisho."

"Na wewe ungekuwa baba yangu?"

"Sijui. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ni mlevi."

Hapo alitoa pumzi kwa pua, karibu na kicheko. Akamwomba mume wangu ile sarafu. Akaomba na gundi ya karatasi, akaibandika sarafu kwenye mfuko wa sahani iliyokwaruzwa, akachukua penseli yangu, hii ya daftari, akaandika chini yake mistari kadhaa ya Kihispania na kuchora mkono wa gramafoni na mshale. Nilimwuliza ameandika nini. "Kwamba aweke hii juu, na asubiri," akasema. "Na kwamba aliyeikwaruza ni rafiki." Akafikiri. "Nimeandika 'rafiki' kwa sababu sina nafasi ya kueleza."

"Umenikasirikia," nikasema.

"Sana. Kesho nitakuwa nimekasirika zaidi, leo nimechoka. Na wiki ijayo sijui. Usije juu mpaka nishuke mimi."

Nikamwambia sawa.

Aliituma asubuhi yake. Kama ilifika salama, kama mzee aliiweka ile sarafu, kama aliijua sauti, sikupata kuambiwa kwa uhakika. Alishuka baada ya wiki tatu, akaazima pasi, tukaendelea, si kama mwanzo lakini tukaendelea, na hakulitaja na mimi sikuuliza. Sahani yenyewe haikununuliwa. Kampuni haikumwita tena. Kwamba ingenunuliwa kama ule mwisho ungebaki, hapana, siamini, upande wa pili hakuna aliyekuwa akiugeuza. Lakini siwezi kuapa. Mwaka 1973 alihama kwenda Göteborg na bendi ya meli, akaniandikia kadi mbili. Mimi niliomba kurudi kwenye ufagio kabla ya hapo. Mnyapara alisikitika, na alikuwa na haki, masikio yangu yalikuwa bado yanafanya kazi.

Jioni ile ya sahani hakuondoka mara moja. Alivaa koti, akakusanya boksi lake, akasimama kwenye mlango wa jikoni akatazama jiko ambalo halikuwa limewashwa tangu chai. "Nimekasirika," akasema, "lakini nina njaa." Hakuna aliyekuwa amepika. Tulikula mayai ya kukaanga na viazi vya jana. Yeye alikula mayai mawili, bila kuvua koti.